Gari Kuukuu na Kumbukumbu za Jimbo la Kusini

Mji wa Mtwara ni kijana ukilinganishwa na jirani yake Mikindani. Mikindani ilikuwa bandari ya majahazi zamani sana kabla ya Wajerumani kujenga boma lao pale mwaka wa 1895, na David Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho ya bara mwaka wa 1866 aliondokea katika ghuba hiyo hiyo. Mtwara ya leo, pamoja na bandari yake yenye kina kirefu na barabara zake zilizonyooka, ni tunda la miaka michache iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya dunia. Ni mji uliojengwa kwa haraka kwa ajili ya shauri moja. Shauri lile likafa, mji ukabaki. Kwa sababu hiyo mwenye kutafuta kumbukumbu zake hana budi kutazama mambo ambayo wanahistoria wa miji ya kale hawana haja nayo: gati, njia ya reli iliyokwisha kung'olewa, na magari.

Miongoni mwa magari hayo Land Rover lina daraja ya pekee. Mtu wa Chikongola, au wa mtaa wowote mwingine wa mji huo, akinunua Land Rover kuukuu, akaliegesha chini ya mwembe nyuma ya nyumba yake, akaazimia kulitengeneza na kulipaka rangi kwa mikono yake mwenyewe, majirani humwona kuwa ni mtu anayejifurahisha au anayetafuta faida. Huenda yote mawili ni kweli. Lakini zaidi ya hayo, mtu huyo ameshika mkononi hati ya historia iliyoandikwa kwa chuma, kwa alumini na kwa rangi, na kila akipitisha msasa hufuta mstari mmoja wa hati hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza hati hiyo yasema nini, na kwa nini yampasa fundi aisome kabla ya kuifuta.

Asili ya gari hili ni ukosefu. Mwaka wa 1947 Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi katika kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na kwa kazi za shamba hilo alitumia jipu la Kimarekani lililobaki vitani. Jipu lilikuwa limechakaa, na vipuri vyake vilikuwa adimu. Wilks akafikiri kwamba kampuni yake ingeweza kuunda gari la namna ile kwa ajili ya wakulima. Uingereza wakati ule ilikuwa imeshinda vita lakini imefilisika. Chuma kiligawiwa kwa kibali, na mwenye kiwanda aliyeuza bidhaa zake ng'ambo ndiye aliyepewa fungu nono. Alumini haikubanwa hivyo, kwa kuwa viwanda vya ndege vilikuwa vimepungukiwa na kazi. Basi bodi ya gari jipya ikafanywa kwa mchanganyiko wa alumini na magnesi ulioitwa Birmabright, na mabamba yake yakaachwa bapa, yenye kona chache, ili yaweze kukunjwa kwa vifaa vyepesi bila ya mashine kubwa za kukandamizia mabati. Fremu yake, ambayo mafundi huiita chesisi, ikaungwa kwa vipande bapa vya chuma vilivyochomelewa pamoja kuwa kama sanduku refu. Hata rangi ya kwanza, kijani iliyopauka, ilitokana na akiba ya rangi za ndege za kijeshi.

Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma palikuwa na inchi 80, na injini yake ilikuwa ya petroli ya lita 1.6. Wakuu wa Rover walilidhania kuwa ni kazi ya kujikimu kwa miaka michache, mpaka biashara ya magari ya kifahari itakapopata nguvu. Wakakosea katika dhana yao, na kosa hilo likawaletea faida: gari la 500,000 lilitoka kiwandani Solihull mwaka wa 1966, na la 1,000,000 mwaka wa 1976. Umbo lile la asili, baada ya kurekebishwa mara nyingi, halikuachwa kutengenezwa pale hadi Januari 2016.

Ukosefu ule ule uliozaa Land Rover ndio uliozaa Mtwara. Waingereza walikosa chuma, na walikosa mafuta pia: mafuta ya kula, ya majarini na ya sabuni. Mwaka wa 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, katika mashamba yasiyo na kifani kwa ukubwa. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika, ukatumwa kuchungua, ukakaa majuma machache, ukarudi na taarifa ya kutia moyo. Ekari 3,210,000 zilikusudiwa kufyekwa, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Na katika hayo, mashamba 55 yalitengewa Jimbo la Kusini, ambalo leo ni mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Nusu nzima ya ndoto hiyo, basi, iliota Kusini. Nachingwea ndiyo iliyochaguliwa kuwa makao ya kazi. Njia ya reli ikajengwa kutoka Mkwaya karibu na Lindi hadi Nachingwea, kisha ikaungwa na Mtwara. Na bandari ya Mtwara, yenye gati la meli mbili kubwa, ikafunguliwa mwaka wa 1954.

Lakini bandari ilipofunguliwa karanga za kupakiwa hazikuwapo. Shauri la karanga lilikuwa limekwisha kutupwa tangu Januari 1951, na hasara yake ikafutwa katika vitabu vya serikali ya Uingereza: pauni milioni 36. Sababu za anguko hilo zimeandikwa na wengi. Mashine zililetwa kabla ya karakana za kuzitengeneza. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, na vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mvua haikupimwa kwa miaka ya kutosha. Kubwa kuliko yote ni kwamba ardhi haikuulizwa. Kongwa, ambako kazi ilianza mwaka wa 1947, udongo wake uliochanganyika na mchanga hukaza kama saruji wakati wa kiangazi, ukala ncha za majembe ya chuma na kuzifunga karanga chini zisitoke. Wenyeji waliokuwa wakilima huko walijua habari za mvua na za udongo, lakini maarifa yao hayakuingizwa katika hesabu.

Mambo haya mawili, gari na karanga, yafaa yalinganishwe, maana ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yalitungwa na taifa lile lile, katika miaka ile ile, kwa dhiki ile ile. Moja lilianza kwa kuuliza: kuna madini gani ghalani, kuna vifaa gani kiwandani, mkulima anahitaji nini? Likafanya kadiri ya majibu, na likaishi zaidi ya miaka 60. La pili lilianza kwa kuamuru, likahesabu ekari kabla ya kushika udongo, na halikumaliza miaka 5. Fundi wa Chikongola anayekarabati gari kuukuu amesimama kila siku mbele ya njia hizo mbili. Aweza kuuliza chuma, au aweza kukiamuru. Na rangi, kama itakavyoonekana mbele, ndiyo inayofichua baadaye ni njia gani aliyoifuata.

Kwa nini Land Rover lilishika mizizi Kusini kuliko magari mengine? Jawabu limo katika njia zenyewe. Uwanda wa juu wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, ni wa mchanga. Njia ya Msimbati kuelekea mlango wa mto Ruvuma ni mchanga mtupu penye minazi na matope penye mikoko. Na mabonde yaliyo kati ya Lindi na Rufiji yalifurika kila masika. Hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka wa 2003, aliyetaka kwenda Dar es Salaam kwa barabara alivuka Rufiji kwa pantoni ya Ndundu, na mvua ikizidi njia hufungwa kwa majuma. Gari lenye kusukumwa kwa magurudumu yote manne, lenye gia za nguvu za kwenda polepole, tena lenye springi ngumu na mabamba yasiyoogopa miiba, lilikuwa chombo cha pekee kilichoweza kumwahidi msafiri kwamba atafika, ingawa halikumwahidi kwamba atafika mzima wa mgongo.

Aliyesafiri humo kwanza alikuwa serikali. Katika miaka ya 1950 Land Rover lilimbeba Bwana Shauri aliyekwenda kusikiliza kesi na kukagua kodi, Bwana Shamba aliyekwenda kuhimiza kilimo, Bwana Nyama aliyefuata ndovu walioharibu mihogo, na daktari aliyekwenda kuchanja. Kwa watu wa vijijini vumbi lake la mbali lilikuwa habari kabla ya habari. Si ajabu kwamba katika masimulizi ya wazee gari hili hutajwa pamoja na neno amri mahali pamoja, na pamoja na neno dawa mahali pengine. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 aliyekaa nyuma ya usukani alibadilika, na shughuli zikaongezeka: mkuu wa wilaya, mwalimu, afisa wa ushirika, mnunuzi wa korosho. Gari lenyewe halikubadilika sana. Lilipakwa rangi nyingine, au likaachwa na ile ile.

Reli haikupata bahati hiyo. Ilikosa mizigo ya kuitosha, ikafungwa mwaka wa 1962, na mataruma yake yakang'olewa. Leo Mtwara ina kata iitwayo Reli, na mgeni akiuliza reli iko wapi huonyeshwa mitaa. Hivyo Jimbo la Kusini, lililoahidiwa usafiri mkubwa kuliko majimbo mengi, likarudi kutegemea barabara zake za udongo na magari yaliyoziweza.

Tena, mwaka wa 1964, barabara hizo zikapewa kazi ambayo waandishi wa shauri la karanga hawakuiota. Frelimo, chama kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kilianza vita vya ukombozi wa Msumbiji tarehe 25 Septemba 1964. Kambi yake kubwa ya mafunzo iliwekwa Nachingwea, penye shamba namba 17 la karanga. Na mjini Mtwara chama hicho kilikuwa na hospitali iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari mpigania uhuru wa Angola. Watu na vifaa vilikwenda Ruvuma kwa njia zile zile zilizokwisha kupasuliwa kwa ajili ya karanga. Vijiji vya mpakani upande wa Tanzania vilipata sehemu yao ya mashaka, kwani mabomu yaliyotegwa ardhini hayakuchagua raia wala askari. Msumbiji ilipojitawala tarehe 25 Juni 1975, magari yaliyopita katika miaka hiyo yalikuwa yamechoka pamoja na madereva wake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki ya vipuri. Bei ya mafuta ilipanda tangu 1973, vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikausha hazina, na fedha za kigeni zikawa haba. Kenya ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari ya Leyland, Land Rover likiwamo, huko Thika. Lakini mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka wa 1977, usifunguliwe hadi 1983. Hapo ndipo ustadi wa mafundi wa Kusini ulipopata madaraka. Springi iliyovunjika ilipachikwa jani la springi ya lori. Rejeta lililotoboka lililehemiwa mara saba. Mlango uliopotea ulikatwa katika bati la pipa. Ushahidi wa kazi hizo upo katika magari yaliyobaki, na ni sehemu ya historia yake kama injini iliyotoka nayo Solihull. Baadaye Land Cruiser la Kijapani lilichukua nafasi katika ofisi za serikali na za mashirika, nalo Land Rover likateremka kwa watu wa kawaida: likabeba korosho, samaki, maharusi na maiti, mpaka liliposimama.

Basi gari lililosimama ndilo linalofika chini ya mwembe. Kazi ya kwanza ya mwenye kulikarabati si kulifungua bali ni kulisoma. Kila gari lina namba iliyopigwa katika chesisi na katika kibati kilichofungwa ndani. Kwa magari ya toleo la pili lililorekebishwa, lililoanza kutoka mwaka wa 1961, tarakimu tatu za mwanzo husema mengi: 242 ni gari fupi la petroli, la usukani wa kulia, lililotengenezwa lipelekwe ng'ambo, 252 ni refu la namna hiyo. Namba ya chesisi na ile ya kibati zikipingana, fundi ajue kwamba mbele yake yako magari mawili yaliyooana. Baada ya namba ifuate rangi. Achague mahali palipofichika, chini ya kiti au nyuma ya kibati cha namba, asugue kwa msasa laini wenye maji, duara la ukubwa wa shilingi, mpaka alumini ionekane. Tabaka za rangi zitajitokeza duara ndani ya duara, kama pete za mti uliokatwa: iliyo karibu na alumini ndiyo ya kiwandani, na iliyo juu ndiyo ya mwenye gari wa mwisho. Gari lililopita mikononi mwa idara, kisha shirika, kisha mfanyabiashara, aghalabu litayaungama yote hayo katika nafasi isiyozidi kidole.

Pili aichungue fremu. Sifa ya Land Rover kwamba haliozi ni ya bodi peke yake. Chesisi ni chuma, na kwa kuwa ni sanduku, huoza kutoka ndani, mahali matope yalipojikusanya na maji yakakosa pa kutokea. Mkono wa fundi hapo ni nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kikigongwa. Kilichooza hutoa sauti ya kibuyu chenye maji. Ufito wa nyuma, mikono inayoshika bodi, na ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva ndizo sehemu zinazotangulia kufa. Sehemu iliyokufa hukatwa mpaka penye chuma kizima, kisha hupachikwa kipande kipya na kuchomelewa. Na kabla ya moto kuwashwa tangi la petroli, ambalo katika magari hayo huwa chini ya kiti, huondolewa kabisa. Kubandika bati juu ya bati lililooza ni kazi ya nusu siku, na faida yake ni ya nusu mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huzibwa kwa udongo mzima.

Tatu ni uhasama wa madini mawili. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini hutolewa kafara: hugeuka unga mweupe polepole, hali chuma kilicho jirani yake hubaki. Hili ni jambo la maumbile lijulikanalo kila mahali, lakini Mtwara lina makali zaidi. Upepo wa kusi huleta chumvi ya bahari mpaka barazani, na gari lililokwenda Msimbati likarudi bila ya kuoshwa kwa maji baridi limebeba adui wake ndani ya mikunjo. Kwa hiyo kila mahali ambapo bamba la alumini limefungwa kwa bolti za chuma pawekwe kizuizi, ama cha mpira, ama cha gundi ya kuzibia, ama cha rangi nzito. Tena alumini isisuguliwe kwa brashi ya waya wa chuma, kwani chembe za chuma hukwama ndani yake na kuanzisha ugonjwa upya chini ya rangi mpya.

Ndipo ifike zamu ya rangi, ambayo watu wengi huanza nayo. Rangi ni kitu cha mwisho, na muda wake ni mfupi kuliko wote. Maandalizi ndiyo yanayokula majuma. Rangi za zamani yawezekana zina risasi, kwa hiyo husuguliwa kwa maji ili vumbi lisiingie mapafuni mwa fundi wala mwa watoto wanaomtazama. Alumini iliyosafishwa hujivika utando wake tena kwa muda wa saa chache, na rangi ya kawaida haishiki juu ya utando huo. Hubambuka kama gamba la nyoka. Kwa sababu hiyo, siku ile ile iliyosafishwa, hupakwa kwanza rangi ya msingi yenye asidi kidogo, iliyotengenezwa makusudi kwa alumini, kisha rangi ya msingi ya kawaida, kisha rangi yenyewe kwa tabaka nyembamba zenye nafasi ya kukauka. Zipo rangi za kisasa zinazochanganywa na dawa ya kuzigandisha, nazo hung'aa sana, lakini mvuke wake hudhuru vibaya pumzi ya mwenye kupuliza asiye na kinyago kilicholishwa hewa safi. Kwa uani mwa nyumba rangi ya mafuta kwa brashi njema ni salama zaidi, na kwa gari ambalo mabamba yake yalikunjwa kwa mikono haina aibu.

Majira nayo yana neno. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na rangi iliyopakwa katika unyevu hufunga maji chini yake, kisha hutoa malengelenge. Kiangazi ndicho wakati wake. Na katika kiangazi asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujaanza kutimua vumbi. Mwenye kungoja saa hizo huonekana mvivu mbele ya mwenye haraka, ambaye amekwisha maliza siku nyingi. Mvua ya kwanza ndiyo inayowaamua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kutu huumbuliwa na masika. Hapo hapo ndipo shauri la karanga linaporudi akilini: hesabu nzuri zilizopakwa juu ya udongo usiochunguzwa zilibambuka kwa namna hiyo hiyo, isipokuwa gharama yake ilikuwa mji, bandari na reli.

Limebaki swali la mwisho, nalo ndilo zito: rangi gani? Wapo wasemao gari lirudishwe katika rangi iliyotoka nayo kiwandani, kijani iliyopauka, au kijani iliyokoza iliyofuata, au ya kijivu au ya buluu iliyokuja katika miaka ya 1950. Hoja yao ni kwamba kazi ya ukarabati ni kurudisha asili. Wapo wasemao gari libaki na rangi ya mwisho iliyojulikana na watu, pamoja na makovu yake, kwa kuwa watu wa Mtwara hawakuliona gari hilo Solihull. Walilifahamu katika mchanga wa Tandahimba na katika foleni ya pantoni. Na wapo wasiojali, wanaotaka lipendeze tu. Mnamo Oktoba 2024 magari ya aina hii yalikusanyika Arusha kwa tamasha, na macho ya watazamaji huvutwa na kinachong'aa.

Kila upande una haki yake, lakini hoja ya asili ina upungufu mmoja. Ikiwa asili ni kiwanda peke yake, basi miaka 20 ya serikali, 10 ya vita vya jirani na 30 ya mafundi wasio na vipuri huhesabiwa kuwa uchafu wa kusuguliwa. Historia ya Kusini imekwisha sugliwa hivyo mara nyingi. Shauri la karanga likifundishwa, husimuliwa kama kosa la Waingereza lililotokea mahali patupu, na watu waliokuwapo hutajwa kwa jina la vibarua. Mlango uliokatwa katika pipa si asili ya gari, lakini ni asili ya elimu fulani ambayo haikuandikwa mahali pengine popote. Mwenye kuutupa ili aweke mlango ulioagizwa kutoka ng'ambo ametengeneza gari, na amepoteza ukurasa.

Kwa upande wa pili, kuacha kila kitu kama kilivyo ni kuacha gari lioze, na kilichooza hakishuhudii lolote. Njia ya katikati si ngumu. Fundi aandike daftari kabla ya kushika msasa: namba, tabaka za rangi kwa mpangilio wake, maandishi ya idara au ya biashara yanayochungulia chini ya rangi, kila kiraka na namna kilivyotiwa. Apige picha. Awaulize wazee waliolijua gari hilo lilifanya kazi gani, kwa nani, na mwaka gani, maana wazee nao hawasubiri. Kisha alipake rangi anayoipenda, ambayo ni haki yake na nyongeza yake katika mfululizo ule. Lakini chini ya kiti, mahali jua lisipofika, aache nafasi ya kiganja isiyopakwa, yenye pete zake zote, kwa ajili ya yule atakayelifungua gari hilo baada yake.

Reli ya Nachingwea haikuachiwa hata kiganja. Ilipong'olewa iling'olewa yote, na mwanafunzi anayetaka kujua ilivyokuwa hana budi kusoma karatasi za watu wa mbali. Gari chini ya mwembe wa Chikongola lingali lipo, nalo laweza kuulizwa kabla halijapakwa rangi.